Wasusi Wetu na Leseni ya Kazi

(Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Mwaka jana, mkutano ulipokuwa karibu kufungwa, mama mmoja alisimama kule nyuma karibu na mlango akauliza neno moja tu: kwa nini binti yake anyang'anywe kiti na chanuo kana kwamba ameiba? Jua lilikuwa limekwisha kuzama, watu wa mbali walikuwa wakitafuta gari la kurudi kwao, na swali lile likaandikwa katika daftari likalala hapo. Baadaye Halmashauri ilituagiza sisi wa ofisi tulichunguze jambo hilo na kulileta mbele yenu. Ndilo tunalolileta leo, nasi twaomba mtuvumilie, kwa sababu lina mikondo mingi kuliko tulivyodhani.

Twajua wako watakaosema kwamba nywele si shauri la kuletwa barazani mbele ya wazee. Tulipoanza kazi hii hata sisi tulikuwa na wazo kama hilo. Lakini tuliposoma daftari la mikopo la Chama tuliona kwamba akina mama wanaorudisha fedha kwa wakati, wiki baada ya wiki, wengi wao huishi kwa kusuka, kupaka hina na kupamba maharusi. Na wazee wenyewe mnakumbuka historia ya pwani yetu hii. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, wengi wenu mlirudi nyumbani mikono mitupu. Tarehe 25 Machi 2020 ndege za abiria wa ng'ambo zilisimamishwa mpaka tarehe 1 Agosti, na mahoteli ya Diani yakafunga milango. Mwezi wa Desemba 2024 uchimbaji wa madini ya titani hapa Kwale ukakoma, na vijana waliokuwa wakivaa kofia ngumu na viatu vya kazi wakaanza kukaa vibarazani. Katika nyumba nyingi tuzijuazo, mwanamume alipokosa mshahara, unga uliletwa na mwanamke mwenye chanuo. Kwa hiyo anayemnyang'anya chanuo hakuchukua kitu cha mapambo. Amechukua chakula cha jioni.

Tena kazi hii si ngeni kwetu. Kabla ya saluni ya kwanza kufunguliwa barabarani Ukunda, bibi zetu walikuwa wakisukana mabutu barazani alasiri, na mtoto wa kike wa miaka saba alikwisha kushika mkono. Bibi harusi wa pwani hakupambwa na mtu aliyetoka chuoni. Alipambwa na somo wake, aliyejua kusaga liwa, kuchanganya singo, kuponda majani ya mhina na kuyapitishia ndimu, na kuchora maua mkononi bila kuinua mkono hata mara moja. Somo huyo naye alifunzwa na mwingine. Hakuwa na cheti; cheti chake kilikuwa ni wale maharusi waliokwisha kupita mikononi mwake, nao walihesabiwa na mtaa mzima. Tulipokuwa shule ya misheni walimu wetu walitufundisha kuheshimu karatasi yenye muhuri, nasi twaiheshimu mpaka leo, maana ndiyo kazi yetu; lakini hatuwezi kusema kwamba ujuzi wa somo haukuwa ujuzi kwa kuwa haukupigwa muhuri.

Sasa tuseme juu ya binti aliyeulizwa habari zake. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa hakututuma tulitaje. Alijifunza kusuka kwa shangazi yake, akaanza kazi chini ya mwembe karibu na soko. Mali yake ilikuwa kiti kimoja cha plastiki, kigoda cha kukalia yeye, machanuo mawili, chupa ya mafuta na mfuko wa nywele za kuunganishia. Hakutia dawa yoyote kichwani kwa mtu. Siku moja walikuja askari wa ofisi moja, wale ambao vijana huwaita kanjo, wakamwuliza leseni. Hakuwa nayo. Wakapakia kiti, kigoda na mfuko katika gari, na mteja akaachwa nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimetimka. Mliokuwapo sokoni siku ile mlicheka, na mteja mwenyewe alicheka baadaye, lakini binti hakucheka.

Alikuja ofisini kwetu, tukafuatana naye kwenda kuuliza. Tuliambiwa kwa adabu, tusiseme uongo, kwamba avipate vitu vyake yampasa kulipa faini, na kwamba kama ataka kuendelea na kazi alete leseni ya biashara. Na leseni ya biashara ya saluni haiji peke yake. Inafuatana na karatasi ya ukaguzi wa afya, karatasi ya ukaguzi wa moto, na ada ya kibao cha jina. Na ukiweka redio ya kuwaburudisha wateja, wanakuja wakusanyaji wa haki za wanamuziki, nao wana leseni yao. Tuliuliza kwa unyenyekevu: mwembe unakaguliwa moto kwa namna gani? Bwana aliyekuwa mezani alitabasamu akasema kwamba fomu inataka namba ya chumba. Asiye na chumba hana nafasi ya kuandika kitu katika mstari ule, na fomu isiyojazwa mstari ule haipokelewi.

Hapo ndipo sisi tulipokosea, nasi twaungama mbele yenu. Tulimshauri akapange chumba. Tuliona ya kuwa ndiyo njia ya sheria, na karani hupenda fomu iliyojaa. Akakopa Chama, akapanga chumba kidogo kandokando ya barabara, akalipa kodi ya miezi miwili mbele, akalipa karatasi moja baada ya nyingine. Wateja wake waliokuwa wakimfuata mwembeni wakitoka sokoni hawakumfuata chumbani, kwa sababu alilazimika kupandisha bei apate kodi. Mwezi wa tano alifunga. Siku hizi anasuka usiku, ndani ya nyumba za watu, milango imefungwa, kama afanyaye magendo. Na deni la Chama bado analilipa kidogokidogo. Deni lile lilikuwa shauri letu kabla halijawa lake, na ni haki mjue hivyo mtakapoliona katika hesabu za Mweka Hazina.

Baada ya mambo hayo tulirudi kuisoma sheria yenyewe, jambo ambalo tungalifanya kwanza. Tuliyoyaona ni haya. Hapa Kenya msusi hayumo katika safu ya daktari, mwuguzi au wakili, ambao wana baraza la kuwasajili na kuwafuta. Upo mtihani wa ufundi wa Serikali unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza, na kazi ya nywele na urembo imo. Mtihani huo ni mzuri, na binti anayeweza kuufanya na aufanye, maana utamfaa akitafuta kazi hotelini. Lakini kinachombana mama wa mwembeni si mtihani. Ni leseni ya biashara na karatasi zinazoandamana nayo.

Na leseni hiyo hutoka wapi? Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeziachia kaunti kazi ya kusimamia biashara, pamoja na masoko na leseni za biashara, isipokuwa usimamizi wa taaluma. Kifungu cha 210 kinasema kwamba kodi au ada ya leseni haiwezi kutozwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Sheria ya ada za kaunti ni Sheria ya Fedha, inayopelekwa mbele ya Bunge la Kaunti. Tena Kifungu cha 196 kinalitaka Bunge hilo liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Ndugu zetu, maana ya maneno hayo ni kwamba kufuli hii haikufungwa Nairobi. Imefungwa hapa hapa Kwale, kwa mkono wa watu tunaowajua na kuwapigia kura, nasi tumepewa haki ya kwenda kusema inapofungwa na inapofunguliwa. Miaka yote tumekuwa tukinung'unika kivulini, na mlango wa kusemea ulikuwa wazi.

Leseni yenyewe si adui. Wazee watakumbuka Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967. Sheria ile iliwekea mipaka biashara za wasio raia katika baadhi ya mahali na kwa baadhi ya bidhaa, ili Mwafrika aliyekuwa amezuiwa muda mrefu apate nafasi ya kufungua duka. Wakati ule leseni ilikuwa ufunguo mikononi mwetu. Baadaye karatasi zilizidi kuzaana, hata Serikali yenyewe ikashtuka. Kamati iliyoundwa kuzichunguza, katika kazi ya miaka ya 2005 hadi 2007, ilikuta leseni 1,325 katika nchi. Ikaamuliwa 315 zifutwe, 379 zirahisishwe, 294 zibaki, na 337 zilizosalia zihesabiwe kuwa ada za aina nyingine. Ni kazi kubwa iliyofanywa, nasi hatuidharau. Lakini aliyefaidi zaidi ni mwenye kampuni, anayekwenda kuandikisha jambo kubwa mjini. Mama mwenye kigoda hakuona tofauti, kwa kuwa karatasi yake ni ya ofisi ya karibu, si ya wizara.

Na kwa desturi ya miaka mingi ya Kenya, leseni ya biashara ilihesabiwa kwa mwaka wa kalenda. Mtu aliyeanza kazi mwezi wa Septemba alilipia mwaka mzima, na Januari akadaiwa upya. Kwa mwenye duka kubwa hiyo ni kero. Kwa mtu anayeanza na kiti kimoja, ni sawa na kulipia shamba mara mbili kabla ya kuvuna mara moja.

Tulipenda kujua wenzetu wametenda nini, tukaanza na jirani wa karibu kabisa. Ng'ambo ya mpaka wa Lunga Lunga wako ndugu zetu wa damu, Wadigo wa upande wa Tanga, na wako binti zetu waliokwenda kufanya kazi ya nywele huko. Mwezi wa Desemba 2018 Serikali ya Tanzania ilitoa vitambulisho 670,000 kwa wafanya biashara wadogo, kila kimoja kwa shilingi 20,000 za huko, kwa wale ambao mauzo yao kwa mwaka hayakufika shilingi milioni nne. Mwenye kitambulisho hakupaswa kusumbuliwa na ushuru mwingine mdogo mdogo. Ilikuwa na kasoro zake, na siku hizi wamebadili utaratibu. Lakini wazo la karatasi moja badala ya tano lilikuwa wazo la mtu aliyewahi kuketi sokoni.

Nchi hiyo hiyo, mwezi wa Julai 2025, ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina kumi na tano, na saluni ni mojawapo, isipokuwa saluni iliyo hotelini au ya shughuli za utalii. Kwa hiyo binti wa Msambweni anayesuka mtaani Tanga amefungiwa, na mgeni mwenye mtaji wa kufungua saluni ndani ya hoteli ameachiwa. Tanzania ina haki ya kuwalinda watu wake, hatuna neno. Tunalolitazama ni hilo la mwisho, kwa sababu twaliona Diani pia bila amri yoyote. Mgeni wa Ulaya akisukwa ndani ya ukuta wa hoteli, kazi hiyo huitwa huduma. Akitoka hatua thelathini mpaka mchangani akasukwa na mama wa Kinondo, kwa mtindo ule ule, kwa bei ndogo kuliko ile, kazi hiyo huitwa usumbufu wa watalii. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 iliunda mamlaka ya kusimamia shughuli za utalii, na ni sawa ufuo uwe na utaratibu, maana mgeni akisumbuliwa harudi. Lakini mama wa mchangani anaulizwa karatasi na huyu, na kesho na yule, wala hakuna aliyewahi kumwambia kwa maneno mepesi ni ipi inayomtosha.

Mfano wa pili ni wa mbali, Marekani. Tunauleta kwa sababu ni kazi yetu hii hii iliyovuka bahari. Bibi Jestina Clayton ni mzaliwa wa Sierra Leone. Alijifunza kusuka utotoni kwao, kama binti zetu. Alipohamia jimbo la Utah akaanza kusukia watu kwa malipo, aliambiwa kwamba hana ruhusa mpaka asome chuo cha urembo kwa saa zipatazo 2,000, na kusuka kwa Kiafrika kulikuwa karibu hakumo katika masomo yenyewe. Alikwenda mahakamani, na mwezi wa Agosti 2012 Jaji David Sam aliamua kwamba masharti yale, kwa msusi kama yeye, yalipingana na katiba ya nchi. Hoja iliyomshinda mshtakiwa ni nyepesi kueleza: huwezi kumlazimisha mtu asome miaka miwili mambo asiyoyafanya ili apewe ruhusa ya kufanya jambo alijualo.

Katika jimbo la Mississippi, Bibi Melony Armstrong wa mji wa Tupelo alikuwa amekwisha kupigania jambo hilo kabla yake, na mwaka 2005 sheria ya huko ilibadilishwa. Msusi asiyetumia dawa hulipa dola 25, huandikishwa, na hujijaribu kwa maswali ya usafi. Hayo tu. Tuliyasoma mara mbili kwa kuwa ndiyo yaliyofanana na tulilokuwa tukilitafuta. Hawakusema msusi asijulikane. Walisema ajulikane, awe safi, kisha aachwe afanye kazi.

Baada ya haya, yatupasa tuwasikilize wazee wanaoogopa, kwa sababu hofu yao si ya bure. Katika Halmashauri mzee mmoja alituuliza: mkifungua mlango huu, nani atamzuia asiyejua asitudhuru? Twakiri kwamba ziko kazi za urembo ambazo ni hatari kweli. Kinyozi anayetumia wembe mmoja kwa vichwa viwili aweza kupeleka homa ya ini au virusi vya Ukimwi kutoka kwa mtu hata kwa mtu. Baadhi ya dawa za kulainisha nywele zina kostiki soda, jamii ya ile itumikayo kutengenezea sabuni. Ikikaa kichwani kupita kiasi huchoma ngozi, na ikiingia jichoni hasara yake ni kubwa. Mafuta ya kujichubua yenye zebaki hudhuru mafigo, ndiyo maana Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, huyapiga marufuku, nayo bado hupenya madukani kwa mlango wa nyuma.

Na liko piko. Juu ya piko tungependa kukaa kidogo, kwa sababu wengi wetu hulichanganya na hina. Hina ni jani. Tangu enzi za mababu limepakwa mikononi, nalo rangi yake ni nyekundu ya udongo. Piko jeusi ni rangi ya nywele ya unga, na ndani yake mna dawa ambayo wataalamu huiita parafenilinidiamini. Nchi za Ulaya huiruhusu katika rangi ya nywele kwa kiasi kisichozidi asilimia mbili, wala haziruhusu ipakwe katika ngozi. Sisi huikoroga kwa kukisia tukaipaka mikononi kwa bibi harusi, na kule ufuoni tukawachora watoto wa wageni mikono na migongo. Tulihudhuria harusi moja ambapo bibi harusi aliletwa ukumbini mikono imevimba, malengelenge yamefuata ua kwa ua, akakaa mbele ya watu amefunikwa kanga mikononi. Aliyempaka alikuwa fundi anayesifika. Hakuwa mzembe, hakuna aliyewahi kumwambia. Tena, na hili mliweke moyoni, alikuwa na leseni, na karatasi ya moto, na kibao.

Tukio lile ndilo lililotufumbua macho kuliko vitabu vyote tulivyosoma. Karatasi zote zilikuwapo, na hakuna hata moja iliyouliza juu ya piko. Na yule binti wa mwembeni, ambaye hakuwa na karatasi, hakuwa na kitu cha kumdhuru mtu isipokuwa chanuo. Ukaguzi wetu unamfuata mtu mahali alipokaa. Haumwulizi ameshika nini mkononi. Tungekuwa na nguvu ya kubadili jambo moja tu, tungebadili hilo.

Ndipo twafika kwenye shauri ambalo Halmashauri imetuagiza tuliweke mbele yenu. Kwanza, mtu anayechana, anayesuka, anayepaka hina ya majani na kusinga kwa liwa, asitakiwe leseni ya saluni wala chumba. Aandikishwe katika ofisi ya wadi yake, apewe kadi moja kwa ada ndogo, na kadi hiyo ihesabiwe miezi kumi na miwili tangu siku aliyoipokea. Kadi hiyo hiyo itambuliwe ufuoni, asiulizwe nyingine. Kabla ya kuipokea ahudhurie somo la siku moja la usafi kwa maafisa wa afya, kwa Kiswahili, bila malipo. Somo lenyewe liseme wazi juu ya chanuo chafu, juu ya mba na choa, na juu ya piko. Kwa upande wa pili, anayetumia wembe, dawa ya kulainisha au rangi ya kemikali aendelee kukaguliwa, tena akaguliwe zaidi kuliko sasa, awe ana chumba au hana.

Juu ya kunyang'anywa vyombo, tunaomba jambo hilo likome kabisa. Mwenye kosa na atozwe faini. Ukichukua chanuo lake umemzuia kupata hiyo faini unayomdai.

Kadhalika vyuo vya ufundi vya vijiji, ambavyo Katiba imevikabidhi kwa kaunti, vingeweza kuwaita masomo wetu wazee wakafundisha pamoja na walimu, na wasusi wazoefu wakatazamwa kazi yao wakapewa daraja bila kuanza upya. Sheria ya mwaka 2014 ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Masomo imekwisha kufungua njia ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Hapo hatukuchimba sana, ni kazi ya mwaka ujao.

Bwana Mwenyekiti, haitakuwa uaminifu tukificha kwamba Halmashauri haikukubaliana kwa sauti moja. Tunao wanachama wenye saluni Ukunda na Msambweni ambao wamelipa kila karatasi kwa miaka. Dada yetu mmoja miongoni mwao alisema mbele yetu: "Mimi nimelipa kodi, nimelipa moto, nimelipa kibao, nyinyi mwataka mwenzangu aketi nje ya mlango wangu na kadi ya bei ndogo anichukulie wateja?" Maneno yake ni ya haki, wala hatukupata jibu la kumridhisha. Tulimwambia kwamba yeye hutia dawa na rangi, na mwenzake hatatia. Kwamba bei yake ni ya dawa hizo na ya umeme na ya kioo kizuri. Akajibu kwamba robo ya kazi yake ni kusuka tu, na hiyo robo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba. Basi tumeongeza katika barua yetu ombi kwamba saluni ndogo zenye viti viwili au vitatu zipewe leseni moja inayokusanya karatasi zote, kwa ada iliyopunguzwa. Bado haridhiki. Ameomba apewe nafasi aseme leo, nasi tunaomba apewe kabla kura haijapigwa, si baada yake.

Wako pia waliosema kwamba kaunti itapoteza mapato. Tulikaa tukafikiri hivi: wasusi wa mwembeni siku hizi hawalipi leseni, wanakimbia. Asiyelipa kitu akianza kulipa kidogo, mfuko haukupungua. Lakini twakubali kwamba saluni zikipunguziwa, mfuko utapungua kidogo upande ule, na watu wa fedha watatuuliza, kwa hiyo atakayesema kwa niaba yetu awe amejiandaa kwa swali hilo.

Barua kwa Bunge la Kaunti imekwisha kupigwa chapa. Nakala tatu ziko mezani, na moja tumeibandika ukutani karibu na dirisha ili wenye miwani waisome kwa nafasi. Mkiikubali, tutaipeleka Mswada wa Fedha utakapotangazwa kwa maoni ya wananchi, na tarehe ya baraza hilo tutaituma kwa kila tawi mara tutakapoipata. Tunahitaji watu wasiopungua ishirini wa kufuatana nasi, na nusu yao wawe wasusi wenyewe, kwa maana tukienda sisi makarani na mashati yetu tutasikilizwa kama makarani. Mzee mmoja wa Gazi ameahidi gari lake, mafuta tutachanga.

Yule binti amekubali kuja kusema, kwa sharti kwamba shangazi yake aketi karibu naye. Karatasi ya majina iko kwa Mweka Hazina pale mlangoni, pamoja na wino wa dole gumba kwa wasioandika. Sasa, Bwana Mwenyekiti, tunaomba dada yetu mwenye saluni apewe nafasi.